Matanga ya Kimya Ugenini

Mama alipoaga dunia mwaka 2016, kitindamimba wetu alikuwa Ujerumani, mseminari katika monasteri ya Wabenediktini huko Bavaria. Hakuweza kuja kumzika.

Huko wanafuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto ya karne ya 6: watawa hula kimya huku mmoja akiwasomea kitabu, na baada ya sala ya mwisho ya usiku hakuna mazungumzo.

“Dada, hata kilio nilikimeza,” aliniambia kwa simu. Moyoni nikawalaumu wenyeji wake.

Kumbe sikuwa nimesikia yote. Usiku ule mtawa mmoja mzee alimfuata kanisani, akaketi kando yake hadi alfajiri bila kutamka neno.

Sisi nyumbani tulikesha kwa nyimbo, moto ukiwaka uani. Naye pia, msomaji, alikesha matangani.