"Kwao Kuna Kichaa": Uvunje Uchumba?

Kwetu Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kama ilivyo kwingi nchini, mahari haijadiliwi kabla wazee hawajachunguza ukoo. Kuna wezi? Kuna kifafa? Kuna kichaa?

Hilo la mwisho ndilo lililonikuta. Kaka yangu, tumbo moja, aliugua akiwa na miaka 21. Alianza kujifungia ndani, usiku halali, anajibizana na sauti ambazo sisi hatuzisikii. Kijijini wengine walisema karogwa, wengine wakasema bangi. Daktari akasema ni skizofrenia. Leo anameza dawa zake, anashona nyavu, na migebuka tunayokula nyumbani mara nyingi ni ya mikono yake.

Mchumba wangu ni mtoto wa Ilala, Dar es Salaam. Shangazi zake walipopata habari wakamwambia, "Mwanetu, achana naye. Utazaa nini?" Siwalaumu, wanampenda. Ila na yeye mwenyewe siku moja akaniuliza taratibu, "Hivi watoto wetu itakuwaje?"

Jamani, hilo ni swali la haki. Nikaona lijibiwe kwa hesabu, siyo kwa machozi. Tukaenda wawili kwa daktari wa magonjwa ya akili.

Kwa watu wote kwa jumla, wanaopata skizofrenia maishani ni kama 1 kati ya 100, au pungufu. Mwenye mzazi mgonjwa, ni takriban 10 kati ya 100. Mwenye mjomba mgonjwa, kama watakavyokuwa wanangu, ni kama 2 hadi 4. Na pacha wa kufanana, ambao vinasaba vyao ni vile vile, mmoja akiugua mara nyingi mwenzake haugui. Kwa hiyo damu ina mchango wake, ila haiamui peke yake.

Watafiti wa Denmark walipitia rekodi za watu milioni 1.75, wakachapisha majibu mwaka 1999. Mwenye mzazi au ndugu mgonjwa kweli alikuwa na hatari kubwa zaidi. Lakini familia hizo ni chache, hivyo zilihusishwa na asilimia 5.5 tu ya wagonjwa. Kuzaliwa mjini kulihusishwa na asilimia 34.6! Nikamgeukia mwenzangu: basi wa kuchunguzwa ni wewe wa Ilala, siyo mimi wa Karema. Daktari alicheka, akatuonya kwamba miji yetu siyo kama yao, tusiibebe hesabu hiyo nzima nzima.

Ya hapa nyumbani ipo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwahoji watu 899 wa mjini Tanzania, wa miaka 15 hadi 59. Asilimia 3.9 walisema ndani ya mwaka mmoja walipata angalau dalili moja, mfano kusikia sauti. Dalili siyo lazima iwe ugonjwa. Ila zilionekana zaidi kwa waliovuta bangi na waliopatwa na mikasa miwili au zaidi ya maisha. Utafiti wa namna hiyo unaonyesha mambo yanayokwenda pamoja, hausemi kipi kilitangulia. Na kwenye vinasaba, kwa miaka mingi waliopimwa zaidi ni Wazungu, ndiyo maana wenzetu wa Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini wamejiunga kuwapima Waafrika kwa makumi ya maelfu.

Tulitoka pale na kazi za kufanya: mimba ikiingia, kliniki mapema, kujifungulia hospitalini, maana mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa nako kunahusishwa na ugonjwa huu, kijana wetu akae mbali na bangi, na dalili ikijitokeza, matibabu haraka. Hakuna kati ya hayo linalotoa garantii.

Njiani nilimuuliza, "Tukimpata huyo mmoja, utakaa naye?" Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mbona kaka yako mnakaa naye?" Mwezi uliofuata washenga wake walifika Karema. Shangazi mmoja bado hajaridhika, na hatumharakishi.

Na wewe uliyeambiwa kwao kuna kichaa, kabla hujarudisha pete, nendeni wote wawili kwa daktari. Halafu muulizane lile ambalo daktari hawezi kuwajibia: mmoja wetu akiugua, nani atabaki?