Nani Anasikia Kwanza?

Sukuma wiki iliyo kwenye magunia huko juu ya ploti zetu Umoja haina mdomo, lakini usidhani imenyamaza. Maji ya mgao yakikosa siku 4, homoni inayoitwa asidi absisiki huongezeka ndani yake, na vijitundu vya majani hufungwa ili maji yaliyobaki yasipotee. Kiwavi akitafuna jani moja, jasmonati hutengenezwa, na majani ambayo hajayafikia huanza kujilinda.

Mtaani sisi tumelelewa na neno moja: jikaze. Ukifutwa kazi, unatoka asubuhi na begi kama kawaida, jirani asijue. Mmea hauna hiyo aibu. Kuna mahindi ya kienyeji ambayo nondo akitaga mayai tu juu ya jani, hutoa harufu ya kuwaita nyigu wadogo, maadui wa funza wa shina. Haya yamechunguzwa na icipe, taasisi ya wadudu pale Kasarani iliyoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970.

Lakini kuita msaada kuna hatari yake. Mahindi yakikosa fosforasi, mizizi humwaga kemikali ziitwazo strigolaktoni, ikiita kuvu waje wasaidie kutafuta chakula. Kule Nyanza, mwito huo husikiwa pia na kayongo, lile gugu la maua ya zambarau. Mbegu zake zinaweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10 zikingoja. Zikiamka, zinashika mzizi na kunyonya.

Mtu wa Eastlands anaielewa hii haraka. Ukikwama kodi, anayekusikia kwanza si shangazi. Ni mkopo wa simu. Dakika 2 pesa imeingia, na riba ishashika mzizi.

Dawa ya icipe na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, ni kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi. Mizizi yake huamsha mbegu za kayongo, kisha huzizuia zisijishike. Yaani mahindi yanaendelea kuita, ila sasa yana jirani.

Kwa chama chetu cha ploti, watu 9, tumekubaliana hivi: aliyekwama anatuma neno moja tu kwa simu, "kayongo." Unatuma ulicho nacho kwanza. Maswali baadaye.