Uzi wa Radiani

Wengi wetu tuliozaliwa Houston na Dallas tuna Kiswahili cha jikoni. Tunaweza kuamkia wakubwa, kuomba chumvi, na kuelewa vizuri sana tunapogombezwa. Hesabu tulisoma kwa Kiingereza. Ndiyo maana tulipoombwa kumsaidia kijana mmoja wa Fort Worth, tulikuna vichwa.

Kijana huyo ni Mkongo. Alisoma katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kwa Kifaransa. Hesabu anaziweza, lakini zilibaki wiki tatu afanye jaribio, na akishindwa angeshushwa darasa. Radiani ndizo zilizomkwamisha. Kati yake na sisi, lugha ya kuelewana ilikuwa moja tu.

Tulianza kwa ubishi. Wenye wazazi wa Kenya walisema digrii, wenye wazazi wa Tanzania wakasema nyuzi. Tukakubaliana na nyuzi, kisha tukaomba uzi wa kweli. Mama yake akatupa wa kushonea, pamoja na kifuniko cha sufuria.

Tukapima kutoka katikati ya kifuniko hadi ukingoni. Hiyo ni nusu kipenyo. Tukaukata uzi hapo, tukaulaza kwenye ukingo. Sasa chora mstari kutoka kila ncha ya uzi hadi katikati: pembe unayoipata ndiyo radiani moja. Kijana akauhamisha uzi huku akihesabu. Nusu duara ilichukua nyuzi tatu na kidogo, yaani 3.14, ile pai tunayoiandika π. Duara zima lilichukua sita na kidogo.

Kwa hiyo pembe ya nyuzi 180 ni sawa na radiani π. Ukitaka radiani, zidisha nyuzi kwa π, kisha gawanya kwa 180. Ukitaka kurudi, zidisha kwa 180, gawanya kwa π. Nyuzi 60 ni π/3, nyuzi 90 ni π/2, na radiani moja ni karibu nyuzi 57.3. Pembe haibadiliki, kinachobadilika ni kipimo.

"Sasa kaka, faida yake nini?" akauliza. Tukachukua safari ya kwao. Ukipima kutoka kitovu cha dunia, kati ya Fort Worth na Uvira, walikotoka wazazi wake, kuna pembe ya karibu nyuzi 122. Hizo ni radiani 2.13. Zidisha kwa nusu kipenyo cha dunia, kilomita 6,371, unapata karibu kilomita 13,600. Lakini ukizidisha 122 yenyewe bila kuigeuza, unapata zaidi ya kilomita 777,000, kama mara mbili ya umbali wa kwenda mwezini.

Mama yake, aliyekuwa akichambua sombe, akacheka. "Uvira ni mbali, wanangu, lakini si mbali hivyo!"

Jaribio alilifanya, na darasa lake hakuliacha. Nasi tumepata maneno ambayo nyumbani hatukuwahi kuyahitaji: pembe, tao, kipenyo, kitovu. Wadogo zake wawili wanakuja nyuma yake, na Jumamosi tunaanza trigonometria. Mwenye Kiswahili kizuri cha somo hilo, mwanachama au mwalimu, tunamwomba aje. Uzi upo.