Namna nilivyonyamazisha mashini ya nyumbani

Wenye kusimamia gazeti letu walituomba kila mmoja aandike juu ya kazi aliyoifanya kwa mikono yake mwenyewe. Najua wengi wataandika juu ya bustani na sungura. Mimi nitaandika juu ya ventilatere. Msicheke kwanza.

Sisi tunakaa hapa Nguba, upande wa kuteremka kwenda Ruzizi, katika nyumba ya mbao yenye vyumba viwili. Kimoja ni cha mama na wadogo zangu. Kingine mchana ni saloni, na usiku ni chumba chetu mimi na Koko, mama wa marehemu baba. Rido inatutenga. Upande wangu kuna meza, na juu ya meza ndiyo ordinatere aliyoiacha baba. Siyo ya kubeba mkononi, ni ile ya zamani yenye sanduku la chuma. Kwa mashini hiyo ninapiga TFC za wanafunzi wa vyuo vya juu, wale wanaoandika kwa mkono na kutafuta bei ndogo. Mama anauza makala, na faida yake inaishia ku chakula. Pesa ya kurasa ndiyo inalipa minervali yangu na ya dada yangu wa mwaka wa pili. Nayasema haya ili mfahamu kwa nini niliogopa sana kuifungua ile mashini.

Kwetu umeme unakuja zaidi usiku, watu wakiisha kuzima mapasi na resho. Kwa hiyo kazi yangu inaanza kama saa tano, inaisha saa nane au saa tisa. Na usiku ndipo kelele inasikika. Ilikuwa inaanza na sauti ndogo, halafu inapanda, vuuu, mpaka meza inatetemeka. Mimi nilikuwa nimeizoea. Mtu anazoea kila kitu akiwa ndiye anayekifanya.

Koko hakuzoea. Usiku mmoja akaita toka nyuma ya rido:

– Papa, hii kitu yako inalia sawa mvua ku manjanja.

– Koko, vumilia kidogo, niko namalizia.

– Mie sikatazi utumike. Lakini siwezi sikia inje.

Nikadhani ni maneno ya uzee. Kesho yake, tukiwa tunachambua maharagi, akanieleza. Oktoba 1996, vita ilipoingia Bukavu, yeye ndiye aliyesikia kwanza viatu vya watu wengi katika njia, kabla ya risasi, na akapata wakati wa kulaza watoto chini. Juni 2004 vilevile. Na Februari 2025, mimi mwenyewe nikiwa hapo, ndiye aliyetuamsha. Tangu 1996 Koko halali kabisa, anapumzika tu na sikio moja liko inje. Sasa mimi nilikuwa nimeweka kando ya sikio hilo mashini ya kulia vuuu mpaka saa tisa ya usiku.

Sikuwa na la kujibu. Niliendelea tu kuchambua maharagi.

Jumamosi nikafungua sanduku. Ndani, juu ya prosesa, palikuwa radiatere ya alumini ya mviringo, ile iliyotoka pamoja na mashini, na ventilatere ndogo juu yake. Katikati ya mapezi yake palijaa kitu kama blanketi nyeusi. Ni vumbi la kiangazi na masizi ya mbabula, kwa maana mama anapikia karibu na mlango mvua ikinyesha. Hewa haikuwa na njia. Prosesa hiyo ni Pentium D, aina iliyotoka mwaka 2005, nayo inakula kati ya wati 95 na 130 ikifanya kazi kwa nguvu. Fikirini ampuli kubwa ya zamani imewashwa ndani ya kitu kidogo kuliko kibiriti. Isipopozwa, inapunguza mbio yake yenyewe, na joto likizidi inajizima.

Kuna jambo jingine ambalo mwalimu wetu wa fizika alilifurahia nilipomwuliza. Ziwa Kivu liko mita 1460 juu ya bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi, uzito wake ni kama sehemu 86 kwa mia ya hewa ya pwani. Ventilatere ya Bukavu inasukuma hewa haba kwa kila mzunguko, basi inapaswa kuzunguka zaidi. (Watu wa Matadi wasifurahi, wao wana jua lao.)

Nilisafisha kwa burosi ya rangi. Kelele ikapungua siku mbili. Nikatia tone la mafuta ya sherehani katika mhimili wa ventilatere, ikatulia juma moja, kisha ikarudi mbaya kuliko mbele. Mhimili ulikuwa umelika. Ndipo nikaenda ku Kadutu kumwona fundi mmoja anayefungua mashini zilizokufa.

Fundi akaniambia nisinunue ventilatere nyingine ndogo kama ile, kwa maana italia vilevile. Akanionyesha radiatere ya kampuni ya Uswisi, Arctic Cooling, jina lake Freezer 7 Pro, imetolewa ku mashini iliyokufa. Ina mabamba membamba mengi yaliyosimama, na ventilatere ya milimita 92, na mirija ya shaba inayotoka chini na kupanda ndani ya mabamba. Alitaka dola 15. Tulibishana mpaka 9, akaongeza bure sindano ndogo ya pati ya kijivu iliyobaki nusu.

Kwa nini kubwa inanyamaza? Tazameni mama anayewasha mbabula. Akipepea kwa kifuniko kidogo cha sufuria, inabidi mkono uende mbio na kelele iwe nyingi. Akipepea kwa lungo, mara chache tu, polepole, na moto unashika. Hewa ni ileile, mbio ndiyo tofauti, na kelele inatoka ku mbio.

Mirija ya shaba nayo siyo vyuma vitupu. Ndani mna maji kidogo na hewa imeondolewa, ili maji yachemke hata kwa joto dogo. Upande wa prosesa yanachemka, mvuke unakwenda kwenye mabamba, unapoa, unageuka tena kuwa maji, na maji yanarudi upande wa prosesa. Ni kama kifuniko cha sufuria ya bugali kinavyotoa jasho na matone kurudi chini. George Grover alitengeneza mrija wa namna hiyo huko Los Alamos, Marekani, mwaka 1963. Mimi niliubeba kutoka Kadutu ndani ya mfuko wa unga.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza niliacha mashini iwake kidogo ili pati ya zamani ilegee, kisha nikachomoa umeme. Radiatere ya zamani inashikwa na misumari minne ya plastiki, na juu ya kila mmoja kuna alama ya mshale. Unazungusha robo kwa kufuata mshale, unavuta juu. Unazungusha radiatere pole, kushoto na kuume, mpaka inaachia, usiivute kwa nguvu. Pati ya zamani ilikuwa imekauka kama udongo. Nikaifuta kwa pamba na alkoli ya farmasi mpaka prosesa ikang'aa nikaona uso wangu. Kisha pati mpya, tone kama punje ya mchele, katikati. Kuna wenzetu wanaoweka dawa ya meno. Inafanya kazi siku chache, halafu inakauka, na umerudi pale pale.

Radiatere mpya nayo ina misumari minne. Fundi alinionya: “Usukume kwa msalaba, huu na wa upande wa pili, kisha hii mingine. Kila moja itasema *ta!* Usiposikia ta, haijaingia.” Nikasukuma. Ubao wa mashini ulijipinda chini ya kidole changu mpaka moyo ukanipanda kooni, maana ule ubao ukivunjika, mwaka wa shule wa watu wawili umevunjika nao. Ta. Ta. Ta. Wakati wa nne mvua ikapiga manjanja, ile mvua ya Bukavu mnayoijua. Nikasukuma, nikajiambia imelia.

Usiku umeme ukaja. Nikawasha. Kimya! Niliweka kipande cha karatasi mbele ya ventilatere nione kama inazunguka kweli, karatasi ikacheza. Koko akasema nyuma ya rido: “Ee, leo imekufa?” Nikacheka, nikaanza kupiga TFC ya dada mmoja wa chuo, aliyekuwa atetee kazi yake juma lile. Nilipiga kurasa sita kwa furaha, bila kuhifadhi hata moja. Nikaona herufi zinachelewa kutokea. Halafu kioo kikawa cheusi.

Koko akauliza kuna nini. Nikamjibu haraka:

– Umeme imeenda, Koko.

Akanyamaza kidogo.

– Na hii ampuli, iko inawaka na nini?

Ampuli ilikuwa inawaka juu ya kichwa changu. Sikumjibu. Nililala na nguo, nikihesabu ni dola ngapi prosesa nyingine.

Asubuhi, kabla ya shule, nilifungua tena. Msumari wa nne ulikuwa umesimama nusu. Radiatere ilikuwa imeinama, upande mmoja haukugusa prosesa vizuri, ni kama mtu anayekaa ku kiti cha miguu mitatu. Nikatoa yote, nikafuta, nikatia pati upya, iliyobaki ilitosha kwa shida. Mara hii nilitoa ubao wote inje ya sanduku ili nione kwa chini kama misumari yote imetokeza na kufunuka. Ta ya nne niliisikia. Hata Koko aliisikia, akasema: “Hiyo!”

Niliporudi shuleni sikuwa na raha mpaka usiku. Umeme ulipokuja niliingia kwanza pale mashini inapoandika joto lake, kabla ya programu kuanza. Ilikuwa 49. Nikangoja nusu saa: 52. Pale ndipo nilipomwambia Koko kwamba jana nilimdanganya. Akasema alijua, na kwamba baba naye alipokuwa mdogo hakuweza kudanganya vizuri. Kurasa sita nilizipiga tena usiku ule, na kwa yule dada sikuomba kitu juu ya kuchelewa. Alitetea kazi yake siku iliyopangwa.

Sasa usiku nasikia vitu ambavyo sikuwa nasikia: mbwa wa ng'ambo, mtoto wa jirani akikohoa, maji ya mfereji. Koko naye anasikia inje. Ila amepata tabia mpya. Kwa kuwa mashini hailii, hajui kama ninatumika ao nimelala juu ya klaviye, basi kila mara anaita: “Papa, uko?” Nami ninajibu: “Niko, Koko.”

Kitu kimoja kimebaki. Kelele kubwa ilipoondoka, ikatokea ndogo iliyokuwa imejificha nyuma yake, ventilatere ya alimentasio, inalia kama mbu. Fundi anasema anayo nyingine kwa dola 4. Nitaiona kisha mitihani.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano, Nguba