Orodha na Ulimi

Kusahau ni sehemu ya ubinadamu. Daktari aliyesoma miaka mingi husahau kama asahauvyo mchunga mbuzi. Tofauti ni kuwa mbuzi aliyesahauliwa malishoni hutafutwa kesho, lakini kitambaa kilichosahauliwa tumboni mwa mtu huweza kumtia kaburini.

Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani lilitoa, mwaka 2008, orodha ya mambo 19 ya kuhakikishwa katika chumba cha upasuaji: kabla ya ganzi au nusukaputi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Huulizwa jina la mgonjwa, mahali pa kupasuliwa, hatari ya kupotewa na damu, na hesabu ya sindano na vitambaa. Ilijaribiwa katika hospitali nane za dunia, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Faida hiyo yahitajika sana Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Kigoma. Mama anayepasuliwa Kibondo ili ajifungue, akizidiwa, hospitali ya mkoa ya Maweni iko mbali naye zaidi ya kilomita 200. Kosa la dakika moja hudai safari ya saa nyingi.

Lakini karatasi peke yake haimwokoi mtu. Penye haraka, alama zote huweza kutiwa baada ya mshono wa mwisho, na orodha ikageuka hirizi: ipo, wala haisomwi. Kizuizi kingine kimevaa joho la wema, nacho ni adabu. Heshima ya mdogo kwa mkubwa ni pambo la jamii. Lakini muuguzi aliyehesabu vitambaa tisa badala ya kumi, akanyamaza asimwaibishe daktari, amemheshimu daktari na kumdhulumu mgonjwa.

Basi orodha na isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili anachokielewa kila aliyemo, na msomaji awe muuguzi. Kwanza kila mmoja ataje jina na kazi yake, kwani aliyekwisha kusikika mara moja haoni haya kusema mara ya pili. Daktari asiinue kisu kabla ya majibu kutimia, na amshukuru mbele ya wote anayemsahihisha.

Aliyelala kitandani hawezi kujisemea. Ulimi wa aliye mdogo kuliko wote chumbani ndio ulimi wake.