Picha Niliyoifuta Jangwani

Juzi nilivuka na boti kwenda Dar kumnunulia mdogo wangu vitu vya harusi. Kila nikisafiri simu yangu hujaa vituko vya njiani: maneno ya nyuma ya daladala, kuku juu ya baiskeli.

Tulipomaliza kuchagua khanga Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, tukateremka Jangwani, bonde la Mto Msimbazi, ambalo masika likijaa maji Barabara ya Morogoro hufungwa. Nikamwona mzee anasukuma mkokoteni: kabati la kioo, juu yake godoro, juu ya godoro kiti. Nikapiga picha huku nacheka. Akasimama. "Mwanangu, unanicheka?"

Sikuwa na jibu. Suratul Hujurat, aya ya 11, inakataza kudharauliana, na sisi wanawake tumetajwa peke yetu. Na kabati lile huenda lilikuwa la bibi harusi kama wetu.

Nikamwomba radhi, nikaifuta mbele yake. Akatabasamu: "Haya, sasa nipige vizuri." Hiyo ndiyo niliyorudi nayo Unguja.

Maharusi, mkienda fungate pigeni picha, lakini ombeni ruhusa kwanza.