Mahali pa Kuiegesha

Jumamosi, 6 Aprili 2024

Nimenunua baiskeli. Naandika upesi kabla sijaanza kujuta. Mtumba wa Japani, ya kike, fremu imeinama katikati, kikapu cha waya mbele, madigadi zote mbili, na dainamo inayosaga tairi ukiiwasha. Laki na nusu, Kariakoo. Alianza na laki mbili, nikaondoka mara mbili nikijifanya sina haja, akaniita mara mbili. Kwenye bomba la kiti kuna kibandiko cha njano chenye namba na maandishi ya Kijapani. Muuzaji anasema ni bima, kijana wake anasema ni shule. Mimi najua tu kwamba aliyekuwa nayo aliitunza, maana hata kengele ilikuwa na mafuta.

Nyumbani watoto wameizunguka kimya. Mkubwa ndiye aliyethubutu: "Mama, umekosa nauli?"

Nauli sijakosa. Nimechoka kusimama kituo cha Mapipa saa 12 na nusu asubuhi, mwendokasi la tatu linapita watu wamebandika mashavu kwenye vioo, na kutoka Magomeni hadi Posta hazifiki hata kilomita 6.

Jumatano, 10 Aprili. Idd

Barabara zimelala. Nimeacha pilau jikoni na dada yangu, nikazunguka mitaa ya nyuma na baiskeli kabla wageni hawajaanza kuingia.

Mwili haujasahau. Nilijifunzia Shinyanga kwenye Phoenix ya baba, nikipitisha mguu chini ya bomba la juu kwa sababu kiti sikifikii, baiskeli imelala upande kama punda mgonjwa. Kwetu kule ukisema daladala, mgeni wa Dar anageuka kutafuta gari. Kumbe ni kijana na baiskeli yake, kwenye kerieri kafunga mto wa sponji. Mama anakaa upande, mtoto mapajani, nyanya mkononi, safari inaanza. Hakuna anayegeuza shingo.

Magomeni wamegeuza shingo. "Makubwa! Mama Asha na baiskeli, na Idd yote hii!" Nimemwambia jirani akitaka nimpakie. Amecheka mpaka mtandio ukamwanguka, ila hakukataa.

Jumatatu, 15 Aprili

Siku ya kwanza kazini.

Walipojenga njia ya mwendokasi, hii iliyoanza kubeba abiria mwaka 2016, walijenga na pembeni yake njia ya waenda kwa miguu na baiskeli. Njia ipo, nisiseme uongo. Ila ina wapangaji. Kutoka Mapipa hadi bondeni Jangwani nimepita meza ya chaja na vioo vya simu, bodaboda 4 zinazosubiri abiria, gari dogo lililopanda matairi mawili juu na kuacha mawili chini, na muuza mihogo na karai lake la mafuta ya moto. Nikampigia kengele. Akarudisha mguu, karai akaliacha.

"Pita tu dada, nafasi ipo."

Nafasi ilikuwa ya mbuzi. Nikashuka. Na hata hivyo nikashindwa kumkasirikia, maana sijui nikimwondoa pale aende wapi.

Kwenye taa za Fire unachagua upesi: ama ujifanye gari, ama ushuke uwe mtembea kwa miguu. Nilishuka nikaikokota, nikiangalia kushoto, kulia, na tena kulia kwenye njia ya mabasi, maana hayo hayana mzaha. Dakika 35 tangu mlango wa nyumba. Jasho, ndiyo. Lakini hakuna mkono wa mtu uliokuwa begani kwangu.

Kisha geti la jengo letu. Mlinzi ananifahamu mwaka wa 9 huu.

"Habari za asubuhi mama. Hiyo haiingii."

"Haiingii wapi?"

"Chini. Maegesho ni ya magari."

"Na ile pikipiki?"

"Ile ina namba."

Nikamwonyesha kibandiko cha Kijapani. "Hii nayo inayo."

Hakucheka. Nimeifunga kwenye nguzo ya bango upande wa pili wa barabara. Masjala yetu iko ghorofa ya 3, na siku nzima, kila nikitoa faili, nimepitia dirishani kwanza.

Alhamisi, 18 Aprili

Pancha, na pindo la dera limeliwa na cheni. Vyote asubuhi moja.

Fundi yuko chini ya mwarobaini, mzee mkavu mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hii imekuja na meli."

Ametoa tairi kwa mipini miwili ya vijiko. Akaujaza mpira upepo, akauzamisha kwenye beseni la maji meusi, akauzungusha taratibu kama mtu anayetafuta stesheni ya redio, mpaka viputo vikatoka. Akakausha kwa shati lake mwenyewe. Msasa, solusheni, akapuliza, akasubiri. Kiraka amekikata kutoka mpira mwingine uliokufa. Nikajaribu kuongea, akanyoosha kidole: bado. Alipokwisha kugonga kwa nyundo ndipo aliporudi duniani. Shilingi 1,000.

Anasema zamani wateja wake walikuwa makarani na walimu, suruali wameibana kwa kibanio cha nguo. Sasa ni wa mikate, wa samaki na wa mkaa. Nikamuuliza makarani wamekwenda wapi.

"Karani ana mkopo wa gari. Na asiye na mkopo anaona haya."

Amenifungia kava la cheni la zamani. Dera nitalikunja.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua tangu saa 9 usiku. Jangwani hakupitiki. Bonde la Msimbazi ni la mto, na mto haujawahi kuliuza. Karakana ya mabasi nayo iko humo humo bondeni, na mafuriko yameshaikuta zaidi ya mara moja.

Nimezunguka Kinondoni, nikaibukia daraja la Selander. Foleni ilikuwa haina mwisho, wipa tu zinafanya kazi. Nikapita pembeni polepole, nikampita mkuu wangu wa idara kwenye gari lake, mpweke, ameegemea usukani. Nimefika kabla yake kwa dakika 50. Nilifika nikiwa tope hadi kwenye nyusi, maana daladala moja ilikata dimbwi kwa makusudi, na abiria wa dirishani akanipungia mkono. Nimekaa chooni nusu saa najifuta kwa karatasi.

Mkuu alipofika akasema, "Mama Asha, utaugua." Gari lake lina viti vitano.

Jumamosi, 4 Mei

Kimbunga Hidaya. Boti za Zanzibar zimesimamishwa. Baiskeli imelala sebuleni, watoto wanaizungusha pedali kuwasha taa.

Jumatatu, 13 Mei

Nimepata pa kuegesha, ingawa si mahali hasa, ni mtu.

Kijana wa madafu anasimama kona ya barabara yetu, chini ya mti. Baiskeli yake haionekani. Unaona mlima wa madafu umesimama kwa stendi. Anayachukua Buguruni alfajiri, anaingia mjini kabla jua halijawa kali. Yangu naifunga kwenye yake, cheni moja, na saa 4 nashuka kunywa dafu. Panga mara tatu, kofia inaruka, la nne linafungua tundu. Kipande cha ganda anakichonga kijiko. Malipo yake ya ulinzi ni kwamba nisinunue kwa mwingine.

Tangu nianze kupanda hiki chombo nimeanza kuwaona wenzangu. Wa samaki kutoka Feri, tenga linadondosha maji nyuma na paka wanalifuata. Wa maziwa na madumu yake. Wa mkaa anayeshuka kutoka pande za Pugu usiku, magunia mawili, anasukuma zaidi ya anavyopanda. Mnoa visu anayepiga pedali bila kwenda popote. Guta la maji, la simenti, la kabati la harusi. Chai ya saa 4 ya ofisi yetu inategemea baiskeli mbili, ya mkate na ya maziwa, na zote mbili hazina ruhusa ya kuvuka geti.

Binamu yangu anayefanya biashara kati ya Kigoma na Bujumbura ananiambia kule ni yale yale, kwa milima. Vijana wanateremka kutoka Bugarama na mikungu ya ndizi, na kurudi juu wanashika nyuma ya malori. Machi 2022 baiskeli, bajaji na pikipiki zikazuiwa kuingia katikati ya mji. Ndizi hazikuzuiwa.

Na hata hawa bodaboda wanaonizibia njia, jina lao lilizaliwa na baiskeli, kule mpakani Busia, wakivusha watu kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Siku nyingine nitawaambia, nione watasemaje.

Jumanne, 28 Mei

Sitaki kuandika lakini nisipoandika nitajidanganya baadaye.

Saa 5 nimesikia kelele, nikatazama dirishani. Gari la mgambo. Madafu yanabingirika barabarani, mabasi yanayakwepa. Nilishuka ngazi mbili mbili. Walikuwa wamekwisha kuipandisha baiskeli yake kwenye gari, tairi la mbele bado linazunguka. Cheni yangu wameikata. Yangu ilikuwa imelala chini, nzima.

"Hii ya nani?"

"Yangu."

Akanitazama, akatazama kitambulisho cha kazi shingoni. "Mama, usiweke vyombo vyako karibu na hawa." Akaiinua mwenyewe, akaifuta vumbi kwenye kiti kwa kiganja, akanikabidhi.

Hicho kiganja ndicho kinachoniuma. Baiskeli mbili, mti mmoja, cheni moja. Mimi hata kodi ya pale silipi, na yeye angalau anauza kitu.

Kijana alikuwa amekaa ukingoni anahesabu madafu yaliyobaki. 7. Nimeyanunua yote na bado sikuweza kumwangalia.

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya Baiskeli Duniani. Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 2018. Kwenye kundi la WhatsApp la ofisi mtu ametuma picha ya Amsterdam, baiskeli kama siafu. "Wenzetu walizaliwa hivyo," kaandika mwingine.

Hawakuzaliwa hivyo. Mwaka 1971 Uholanzi ilipoteza watu wapatao 3,300 barabarani, zaidi ya 400 kati yao watoto. Magari yalikuwa yamekwisha kuteka miji yao kama yetu. Wazazi wakaingia barabarani na mabango yanayoviita vifo hivyo mauaji ya watoto, kisha mwaka 1973 mafuta yakaadimika na serikali ikapiga marufuku magari siku za Jumapili. Njia zile zina makaburi chini yake. Nikaandika haya yote kwenye kundi. Nimepata vidole gumba viwili na mtu mmoja kauliza kama mkutano wa saa 8 upo.

Kijana wa madafu ameikomboa baiskeli yake, baada ya siku 4 na pesa ambazo hataki kuzitaja. Amehamia kona nyingine. Mimi nimerudi kwenye nguzo ya bango.

Jumamosi iliyopita, nimesahau kuandika, nilipita daraja la Tanzanite na watoto. Pale juu ya bahari waendesha baiskeli wa mazoezi wanaruka kama mishale, kofia ngumu, nguo za kubana, hongera kwao. Mmoja alikuwa anaishusha yake kutoka nyuma ya gari. Hakuna aliyemuuliza kama amekosa nauli.

Ijumaa, 14 Juni

Ofisi nzima inazungumzia treni ya umeme iliyoanza leo kwenda Morogoro. Muda wa kufika Morogoro wanautaja kwa dakika. Muda wa kutoka nyumbani hadi stesheni hakuna aliyeutaja.

Barua yangu kwa meneja wa jengo imejibiwa kwa mdomo, kwenye lifti: nafasi hakuna. Basi saa 7, wenzangu wakiwa kwenye chakula, nimeshuka chini na tepu ya cherehani. Mlinzi akanifuata.

"Unapima nini mama?"

"Nafasi ambayo haipo. Hebu nishikie."

Ameshika. Tepu ni ya sentimita 150, kwa hiyo tulikuwa tunaweka kidole, tunasogea, tunaweka kidole, yeye anahesabu kwa sauti. Maegesho ya gari moja ni mita 2 na nusu kwa 5. Baiskeli ikisimama inakula nusu mita ya upana, na urefu wake hautoki nje ya mstari. Nikachora kwa chaki, moja baada ya nyingine.

"Kumi?"

"Kumi."

"Gari moja?"

"Gari moja."

Akachuchumaa kuzitazama zile alama. Kisha, bila kuniangalia, akauliza yangu niliipata kwa shilingi ngapi. Anatoka Kigogo kwa miguu, kumbe, kwenda na kurudi, na zamu ya usiku akitoka hapa hakujapambazuka vizuri. Nikamwambia laki na nusu, lakini aanze na themanini na aondoke mara mbili.

Honi ikalia getini. Akakimbia kuinua kizuizi. Gari likateremka likaja moja kwa moja pale pale kwenye chaki, nafasi nyingine tatu zikiwa wazi. Mwenyewe akashuka na simu sikioni, akatuitikia kwa kichwa.

Mlinzi akasubiri mpaka lifti ijifunge. Akarudi, akainama pembeni ya tairi la nyuma.

"Tisa, mama. Ile ya mwisho itagusana na nguzo."